Waya au alaina? Namna ya kuchagua kifaa cha kunyoosha meno

Nilivaa waya za chuma miezi 22 nikiwa mtu mzima, mwenye kazi na vikao vya kila wiki. Mwaka uliofuata mdogo wangu naye akaanza kunyoosha meno, ila yeye alichagua alaina, yale maganda ya plastiki angavu yanayovaliwa na kuvuliwa. Sote tumemaliza na meno yamekaa sawa. Tunachobishania mpaka leo ni nani kati yetu aliyetumia fedha yake vizuri. Yanayofuata ni upande wangu wa ubishi huo, pamoja na pale ambapo mdogo wangu amenishinda.

Ninavipanga hivi: waya za chuma kwanza, alaina zinazosimamiwa na daktari wa kupanga meno zinafuata kwa karibu sana, waya zenye braketi (vidude vidogo vinavyogundishwa kwenye meno ili kuishika waya) za kauri namba tatu, waya za upande wa ulimi ya nne. Alaina za kujitibu nyumbani, zile zinazoletwa kwa posta, sizihesabu kabisa. Kuna watu ambao kwao namba moja na namba mbili zinabadilishana viti, na nitasema ni akina nani.

Jino linasogeaje

Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Limeshikiliwa na nyuzi laini zinazouzunguka mzizi. Ukilisukuma kwa nguvu ndogo isiyokatika, upande linakoelekea mfupa unamung'unywa na chembe hai maalumu, na upande linakotoka chembe nyingine zinajenga mfupa mpya. Kazi hiyo haitaki pupa. Kwa kawaida jino husogea kama milimita 1 kwa mwezi, ndiyo maana matibabu kamili huchukua mwaka mmoja hadi miwili, na meno yaliyovurugika sana huzidi hapo. Wapo wanaouza vifaa vya kutetemesha meno kwa ahadi ya kumaliza upesi. Tafiti zilizovipima hazijaonyesha faida ya maana, kwa hiyo fedha hiyo iweke kwa ajili ya riteina, kifaa cha kuyazuia meno yasirudi kombo baada ya matibabu, ambayo utaihitaji.

Mfupa haujui kama unasukumwa na chuma au plastiki. Tofauti iko kwenye mshiko. Waya imefungwa kwenye braketi zilizogundishwa kwenye kila jino, hivyo inaweza kulivuta, kulizungusha, kulishusha, hata kuuelekeza mzizi wake. Alaina inalivika jino kama glavu na kulisukuma kwa kuta zake, na jino lisilo na pa kushikwa linaiponyoka.

Namba moja: waya za chuma

Kama meno yako yamepandana vibaya, kama kuna chonge lililokwama ndani ya ufizi, kama itabidi kung'oa meno ili mengine yapate nafasi, au kama taya za juu na chini hazikutani vizuri, hapa ndipo pa kuanzia. Aghalabu ndizo za bei ndogo kuliko zote, na karibu kila daktari wa kupanga meno amefundishwa kuzitumia.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba huwezi kuzivua. Ziko kazini saa 24, ukilala, ukisahau, ukiwa safarini. Mtu kama mimi, anayesahau miwani kichwani mwake, alihitaji kifaa cha namna hiyo.

Waya ya kwanza kuwekwa huwa nyembamba, mara nyingi mchanganyiko wa nikeli na titani, ambao ulianza kutumika kwenye meno miaka ya 1970. Ina tabia ya ajabu: inakumbuka umbo lake. Daktari huipindapinda ipite kwenye kila braketi kufuata meno yalivyokaa kombo, nayo, kwa joto la mdomo, inajitahidi kurudi kwenye upinde wake wa asili, ikiyaburuta meno pamoja nayo. Ukiwa na mzio wa nikeli sema mapema, kwani kuna waya na braketi zisizo na madini hayo au zenye kidogo sana.

Sasa maudhi yake. Siku nne za kwanza nilikula vitu vya kunywa na vya kumeza tu. Shavu la ndani lilichubuka mpaka nikajifunza kuviringisha kipande cha nta kama punje na kukibandika juu ya braketi inayokera. Wiki ya sita, saa nane za usiku, ncha ya waya ilichomoza nyuma ya gego la mwisho ikawa inanidunga kila nilipomeza mate. Mahudhurio ni kila baada ya wiki nne hadi nane, na baada ya kila hudhurio meno huuma siku mbili tatu. Vitu vigumu na vya kunata unaviaga. Mimi nilitafuna kipande cha barafu bila kufikiri, braketi ya gego ikang'oka, na jino lile likakaa bila kusogezwa mpaka nilipopata nafasi kwa daktari wiki tatu baadaye.

Kubwa kuliko hayo yote ni usafi. Mswaki wa kawaida haufiki chini ya waya. Unahitaji kile kiburashi chembamba cha kupenyeza, na uvumilivu mbele ya kioo kila baada ya kula. Siku nilizochoka nilikwepa. Braketi zilipobanduliwa, kwenye chonge mbili kulikuwa na alama nyeupe kama chokaa pembeni ya mahali zilipokaa, pale ambapo ukoga ulilala na asidi yake ikala madini ya enameli, lile ganda gumu la nje la jino. Ziko mpaka leo. Hapa mdogo wangu ameshinda, sina la kujitetea.

Utauziwa pia braketi zenye kilango kidogo kinachoibana waya bila kufungwa kwa raba. Ni nzuri, na daktari akizipenda hakuna ubaya. Ila usiongeze fedha kwa sababu umeambiwa zitakumalizia miezi kadhaa mapema au kwamba haziumi. Zilipolinganishwa na za kawaida, tofauti hiyo haikuonekana.

Namba mbili: alaina, mikononi mwa daktari

Hii inapanda kuwa namba moja kwa mtu mzima mwenye meno yaliyosongamana kiasi, au yenye mianya midogo, au yaliyorudi kombo baada ya kunyooshwa utotoni, mradi awe mtu wa ratiba. Masharti yote mawili yatimie.

Kampuni ya Align Technology ilianzishwa California mwaka 1997, na mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kuuza alaina zake, Invisalign. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa karibu sawa na bidhaa yenyewe. Hataza zake muhimu, yaani haki za kisheria za kuwazuia wengine kuiga, zilianza kuisha mwaka 2017, na tangu hapo kampuni nyingi zimeingia sokoni. Jina la kampuni lisikushughulishe kupita kiasi. Muulize daktari ametibu wagonjwa wangapi kwa aina anayokupa, na akuonyeshe meno yenye tatizo kama lako kabla na baada.

Meno yanapigwa picha ya pande tatu kwa kamera ndogo ya mdomoni, kompyuta inapanga safari ya kila jino, kisha zinatengenezwa jozi kadhaa, kila moja ikilisogeza jino takriban robo ya milimita. Unabadilisha jozi kila wiki moja au mbili. Utaonyeshwa kwenye skrini meno yako yakijipanga kwa sekunde kumi, na utatamani kulipa papo hapo. Tulia. Ile ni ramani, na meno hayafuati ramani yote. Ni jambo la kawaida jozi kuisha na meno yakawa hayajafika, ikabidi kupigwa picha upya na kutengenezewa jozi za nyongeza. Swali la kuuliza ni kama jozi hizo zimo ndani ya bei au utalipia tena.

Kuna mengine mawili ambayo matangazo huyapita haraka. Kwanza, watu wengi hugundishiwa vinundu vidogo vya rangi ya jino, ili alaina ipate pa kushika. Kwa mbali havionekani. Mtu akikaa karibu nawe ataviona. Pili, nafasi hupatikana mara nyingine kwa kusaga kidogo pembeni mwa meno, chini ya nusu milimita kati ya jino na jino. Haiumi, lakini enameli iliyosagwa haioti tena, kwa hiyo ni haki yako kuambiwa mapema ni meno gani na kiasi gani.

Zipo kazi ambazo alaina zinazifanya kwa shida: kuzungusha meno ya mviringo kama chonge na vigego vilivyo nyuma yake, kulishusha jino lililobaki juu, kufunga pengo la jino lililong'olewa huku mizizi ikibaki wima. Daktari mzoefu huweza kuzifanya baadhi, au akaanza na waya miezi michache kisha akahamia alaina. Daktari asiyeona ugumu wowote katika tatizo lako ndiye wa kumwogopa.

Tuje kwenye ratiba. Alaina zinatakiwa kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Umebakiziwa saa mbili hadi nne za kula, kunywa chochote kisicho maji, na kupiga mswaki. Kabla hujalipa, jipime siku tatu: kila unapotia kitu mdomoni kisicho maji, andika dakika, uongeze tano za mswaki. Wanaokunywa chai kidogo kidogo asubuhi nzima huwa hawafiki hata saa 18, na jino lililoachwa saa nyingi linaanza kurudi lilikotoka. Ukinywa kitu chenye sukari alaina zikiwa ndani, sukari inakaa kwenye kibwawa kati ya plastiki na jino, na hapo utakuwa umenunua matundu.

Mdogo wangu aliuweza utaratibu huo, lakini si bila fedheha. Mwezi wa pili alikula hotelini na wenzake, akazivua kwa adabu, akazifunga kwenye karatasi ya kujifutia, akaziweka kando ya sahani. Mhudumu akaondoa vyombo. Alizikuta kwenye pipa la jikoni, katikati ya mabaki ya samaki, baada ya kuazima glavu za mwosha vyombo. "Kaka, nilizisugua mara nne," aliniambia, "na kwa maji ya baridi, maana ya moto yanazipinda." Tangu siku hiyo kikasha chake hakitoki mfukoni.

Faida zake nimezishuhudia nyumbani. Alipiga mswaki kama mtu asiye na kifaa. Alikula alichotaka. Hakudungwa na kitu usiku. Ulimi ulikuwa mzito siku tatu nne akitamka "s" na "z", kisha ukazoea. Maumivu yalikuwepo kila alipobadili jozi, ila hayakumnyima kula.

Za tatu na nne

Braketi za kauri zina rangi ya jino na zinafanya kazi ileile ya chuma. Ni ghali zaidi, ni kubwa kidogo, na zinavunjika upesi. Kauri ni ngumu kuliko enameli, kwa hiyo zikiwekwa kwenye meno ya chini yanayogongana na ya juu zinaweza kuyala hayo ya juu. Wengi huziweka juu tu. Raba zake angavu hubadilika rangi kwa chai, kahawa na bizari. Braketi yenyewe inabaki safi.

Waya za upande wa ulimi hazionekani kabisa, na ndizo pekee zinazostahili kuitwa siri. Bei yake ni kubwa mno, madaktari wanaoweza kuziweka ni wachache, na ulimi hulipa gharama yake kwa wiki kadhaa. Mwigizaji au mtangazaji huenda akaona zinafaa. Mimi sikuona.

Usichokinunua

Alaina za kuagiza kwa kujichukulia alama za meno nyumbani, bila eksirei na bila kuonana na daktari, zinavutia kwa bei. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeona mizizi yako. Ukiwa na ugonjwa wa fizi uliokwisha kula mfupa, kulisukuma jino ni kulilegeza, na hutajua mpaka lianze kucheza. SmileDirectClub ya Marekani, kubwa kuliko zote katika biashara hii, iliomba kinga ya ufilisi Septemba 2023 na Desemba mwaka huohuo ikafunga. Watu waliokuwa katikati ya matibabu walibaki na plastiki mkononi, na dhamana ya maisha waliyoahidiwa ikazimika pamoja na kampuni.

Kabla ya kutia saini

Aliyekupima awe amesomea kupanga meno, apige eksirei, na aangalie fizi na matundu kwanza; hayo hutibiwa kabla ya kifaa chochote kuingia mdomoni. Mweleze dawa unazotumia, hasa za kuimarisha mifupa, maana baadhi yake hupunguza kasi ya jino kusogea na kuleta hatari nyingine. Omba bei yote kwa maandishi: vipimo, mahudhurio, braketi ikibanduka, alaina ikipotea, jozi za nyongeza, kubandua na kusafisha, na riteina.

Kwa kijana wa shule, mimi ningechukua waya bila kufikiri mara mbili, isipokuwa kama anapiga tarumbeta au ni mtu wa makini kuliko wazazi wake. Zipo alaina zenye alama ya bluu inayofifia kadiri zinavyovaliwa, ili mzazi aone kama zilikaa mdomoni au mfukoni.

Riteina ndiyo sehemu ambayo wauzaji huitaja mwisho kabisa. Meno hutaka kurudi, na hutaka kurudi miaka yote. Utapewa waya mwembamba uliogundishwa nyuma ya meno ya mbele, au ganda la kuvaa usiku, au vyote viwili, na ganda hilo litachakaa na kuhitaji jingine. Langu niliwahi kulisahau nyumbani nikasafiri siku tisa. Niliporudi liliingia kwa kubana, kwa kelele ndogo kama ya ukucha kwenye plastiki, na meno mawili ya chini yakaniuma mpaka asubuhi.