Kibanda cha kuchapa barua pale Nyawera, Bukavu, faranga 2,000 kwa ukurasa

Nilikwenda na barua yangu ya malalamiko kwa wenye boti, tayari kwenye karatasi ya daftari, nikijua atachapa tu. Gunia langu la maharagwe lilitoka Goma kwa boti likiwa na kilo 100. Huku Bukavu mizani ikasema 81. Nilikuwa nimeandika: "Gunia langu lilifunguka, maharagwe yakapungua."

Kijana wa mashini akaweka kalamu hapo. "Mama, lilifunguka lenyewe?"

Hapana. Kamba ilikuwa imekatwa, na mdomo umeshonwa tena kwa uzi wa bluu. Mimi nashonea uzi mweupe.

"Basi lilifunguliwa. Nani alilifungua?" Nikamtaja mbeba mizigo mmoja ninayemshuku. Akauliza kama nilimwona. Sikumwona. Akaacha "lilifunguliwa" bila jina la mtu, akaongeza habari ya uzi. Mstari uliofuata aliugeuza wote. Mimi nilisema "gunia lilipokelewa". Yeye akachapa "Karani wenu alipokea gunia, akalipima mbele yangu, akatia sahihi", kwa sababu risiti ninayo na sahihi iko pale.

Halafu akafika kwangu. Nilikuwa nimeandika "jina halikuandikwa juu ya gunia". Aliyepaswa kuliandika ni nani? Ni mimi. Nilibishana naye, maana niliona tunawapa fimbo ya kunichapia. Akasema hilo wanalijua tayari, na wakiona nimejificha hapo hawataamini hata ule uzi. Ikachapwa: "Sikuandika jina langu."

Kufungua, kufunguliwa, kufunguka. Nasema Kiswahili tangu utotoni na sikuwahi kuyapima maneno haya matatu, wakati maharagwe nayapima kila siku.

Wino wake ni hafifu, kiti ni kimoja, na umeme ukikatika unangoja jenereta ya jirani. Lakini bei hiyo ni pamoja na nakala ya pili. Hiyo wapokeaji waigonge muhuri mbele yako; bila muhuri usitoke.

Jibu lilikuja baada ya siku 9: "Upungufu ulijitokeza wakati wa safari." Nimelirudisha kibandani. Kijana akapiga mstari chini ya "ulijitokeza", akaniuliza nataka kujua nini. Barua ya pili ina sentensi moja, naipeleka Jumatatu: "Kati ya kupakia na kupakua, nani alikaa na gunia langu?"