Estrojeni au donepezili kwa bibi anayesahau?

Bibi yetu pale Uyole alitia chumvi kwenye maharage mara tatu, kisha akauliza nani kaharibu mboga. Ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Shangazi anataka apewe estrojeni, homoni ya kike, kasikia inalinda seli za neva. Kwenye maabara ni kweli, huzikinga na sumu ya beta-amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Kwa watu mambo yaligeuka: utafiti wa Marekani uliotolewa 2003, kwa wanawake 4,532 wenye miaka 65 na zaidi, ulikuta estrojeni pamoja na projestini (homoni nyingine, ya kutengenezwa) huongeza hatari ya demensia, yaani kupungukiwa kumbukumbu na akili, karibu maradufu.

Donepezili, dawa ya Alzheimer, nayo haiokoi seli. Huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ya ubongo inayosaidia kukumbuka, kumbukumbu ikapata nafuu kidogo. Tumbo huweza kuvurugika. Mimi ningechagua hiyo, daktari akiridhia. Shangazi bado kanuna.