Kipimo cha DNA cha mate: asili kimenipa, habari ya MS na NMO, maradhi mawili ya neva, hakina

Wacha niandike hii mara moja iishe, manake kila nikiingia grupu la watu wa pwani huku Uingereza kuna mtu anauliza kama vile vipimo vya DNA vya kutema mate vina maana, na hasa kile kifurushi cha afya wanachokuuzia juu ya kile cha asili. Kampuni siitaji jina. Zote zinakaribiana tu, boksi, kichupa, app yenye ramani ya rangi rangi.

Sababu ya kununua ni dada yangu mkubwa. Yeye yuko Leicester, jicho la kushoto likaanza kuingia ukungu na akiligeuza linauma, na daktari wa neva wa kwanza kumuona akamuuliza asili yenu wapi. Basi swali likaingia WhatsApp ya familia. Mama anasema Waarabu, mjomba anasema Washirazi tena wa kuandikwa, shangazi anasema nyinyi Wadigo acheni kujipaka mafuta. Siku nzima watu wanatumiana sauti za dakika saba. Mimi nikasema tupime tuishe maneno, na kwa kuwa nilikuwa nshasoma kwamba MS, yaani ile multipo skilerosisi ambapo kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika neva kwenye ubongo na uti wa mgongo, na inayoweza kuanza na jicho hivyo hivyo, inaenda na asili ya mtu, nikalipia na ripoti ya hatari za magonjwa. Nikachukua viwili, changu na cha mama.

Huduma yenyewe sina neno. Bei ni pauni mia na kitu ukiweka na afya lakini usinunue kwa bei hiyo, ngoja Novemba wakishusha. Maelekezo yanasema usile usinywe usitafune kitu nusu saa kabla, halafu uteme mpaka kwenye mstari na povu halihesabiwi, hapo ndo kazi. Ukiangalia kichupa unaona kimejaa, povu likishuka unakuta hata nusu hujafika. Mama mdomo ulimkauka kabisa, nikamwambia afikirie embe bichi la chumvi na pilipili, na wallahi mate yakaja. Ukimaliza unafunga kifuniko, yale maji ya dawa yanamwagika ndani, unatikisa, unatia kwenye bahasha yao iliyolipiwa stempu tayari. Kusubiri ndo kurefu, wanakutumia imeili za "sampuli imefika", "sampuli inasomwa" mpaka unachoka.

Upande wa asili nimeridhika, kwa kiasi. Mimi sehemu kubwa Afrika Mashariki, kisha kama robo imeandikwa Iran na Ghuba, na kijisehemu cha India. Mjomba alisherehekea. Na si maneno ya mjomba tu, Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya mifupa ya watu 80 wa miji ya kale ya pwani yetu na bara kidogo, Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara, na kati ya walioongoza kazi hiyo yuko profesa wetu Chapurukha Kusimba. Wakakuta uchanganyiko ulianza kama mwaka 1000 hivi, Waafrika na watu wa Uajemi, upande wa Afrika wengi wao ni wanawake, na wa Asia ni wanaume, na damu ya Uarabuni inaonekana zaidi baada ya 1500. Kwa hivyo yale ya Washirazi wa Uajemi kwenye historia ya kale ya Kilwa si ngano tupu. Kasoro ya app ni kwamba upande wa Afrika wamelaza rangi moja kuanzia Lamu mpaka huko kusini, Mdigo, Mpokomo, Msukuma, Mmakonde wote kapu moja, wakati Ireland wanakutajia mpaka kaunti. Hapo unaona wateja wao ni akina nani.

Sasa twende kwenye ripoti ya afya, ambayo ndo nataka watu wasikie. Unafungua, MS, unaona alama ya kijani na maneno hatari yako iko chini ya wastani. Basi. Ukishuka chini, chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu ambayo kwenye simu inabidi uyavute kwa vidole viwili ndo yasomeke, wanasema hesabu hii inafaa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Yaani ile kijani wamenipa kwa herufi kubwa na ile "lakini" wameificha uvunguni.

Na si kwamba sayansi ya MS na asili ni uongo, ni kweli tena tamu kuisoma. Januari 2024 watafiti akina William Barrie na Eske Willerslev walitoa, pia kwenye Nature, kazi ya kulinganisha DNA ya mifupa na meno ya watu wa kale wa Ulaya na ya Waingereza wa leo. Wakakuta jeni nyingi zinazoongeza hatari ya MS zimeingia Ulaya na wafugaji wanaoitwa Yamnaya, waliotoka nyika za Ukraine na kusini mwa Urusi wakasambaa magharibi miaka kama 5,000 iliyopita. Watu wa kulala na kuamka na ng'ombe na kondoo, maradhi ya mifugo yanawarukia, na wataalamu wanaona huenda jeni hizo ziliwakinga wakati ule, sasa vijidudu vimepungua na ukali wa kinga umebaki. Ndo maana kaskazini mwa Ulaya, ambako damu ya Yamnaya imejaa, MS iko karibu maradufu ya kusini. Kubwa kuliko zote ni toleo moja la jeni za kinga ziitwazo HLA, linaitwa HLA-DRB1*15:01, ukiwa nalo hatari inapanda kama mara 3, halafu kuna mengine 200 na ushei kila moja linasukuma kidogo kidogo. Lakini hata mapacha wa kufanana, mmoja akiugua MS ni kama robo tu ambao pacha mwenziwe naye anaugua, sasa wewe mate yako yatasema nini cha uhakika? Kuna virusi vya Epstein-Barr pia, Harvard walifuatilia wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 na mwaka 2022 wakasema ukiambukizwa hatari ya MS inapanda mara 32, na virusi hivyo karibu kila mtu mzima anavyo na kipimo cha mate hakivigusi.

Kwetu sisi tatizo ni jengine zaidi. Mwaka 2019 wataalamu walipiga hesabu kwenye Nature Genetics, kama asilimia 79 ya watu wote waliopimwa kwenye zile tafiti kubwa za jeni walikuwa wa asili ya Ulaya, na zile alama za hatari zinazotokana nazo usahihi wake ukizileta kwa Waafrika unashuka kama mara 4 na nusu. Ni fundi kakata kanzu kwa kipimo cha mtu mwengine halafu anakwambia imekukaa. Na hata hiyo HLA, kwa Waamerika weusi toleo ambalo hasa ni la asili ya Afrika ni 15:03, na lenyewe pia limeonekana kwenda na MS tangu utafiti wa 2004. Ripoti yangu 15:03 haikuitaja hata mahali pamoja. Imetafuta ya mzungu, imekosa, ikapiga kijani.

Kwa nini nakasirika? Sababu hiyo kijani inalisha ule usemi kwamba MS ni ugonjwa wa wazungu, na madaktari wengine nao wanauamini. Kusini mwa California, kwenye wanachama wa bima ya Kaiser, walihesabu wagonjwa wapya wa MS wakatoa mwaka 2013: weusi 10.2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wazungu 6.9, Walatino 2.9, Waasia 1.4. Weusi wamewapita wazungu, na waliopandisha ni wanawake. Huko nyumbani Afrika Mashariki wagonjwa walioandikwa ni wachache kweli, lakini mashine za MRI, zile za kupiga picha ya ubongo, na madaktari wa neva nao ni wachache, sasa uchache huo sehemu yake ni ya watu kutopimwa.

Halafu kuna NMO, yaani nyuromielitisi optika, ambayo kwenye app yao haimo kabisa, ukiandika kwenye kitafutio inakuletea makala ya miwani. Hii kinga inashambulia neva za macho na uti wa mgongo, na zamani ilihesabiwa ni aina ya MS mpaka 2004 kliniki ya Mayo ya Marekani walipogundua kingamwili yake, yaani protini ya kinga inayopimwa kwenye damu, ile baadaye ikajulikana inashambulia protini ya kupitisha maji kwenye seli inayoitwa akwaporini-4. Weusi na watu wa Asia Mashariki wanaipata zaidi ya wazungu. Utafiti wa 2016 ulilinganisha kisiwa cha Martinique, watu wengi wa asili ya Afrika, na kaunti ya Olmsted kule Minnesota yenye wazungu wengi: wagonjwa 10 kwa kila watu 100,000 Martinique, 3.9 Olmsted. Yaani ugonjwa unaotuhusu zaidi ndio hawakuutia.

Na ndio uliompata dada. Kabla ya jicho, alipokwenda Mombasa harusini, alishikwa na kwikwi na kutapika wiki na wiki, hospitali moja ya binafsi wakamwambia vidonda vya tumbo, dawa za tumbo mfuko mzima. Kwikwi ile, kumbe, ni dalili inayojulikana ya NMO, kuna sehemu ya ubongo chini nyuma inayoamrisha kutapika na ugonjwa unaipenda sana hiyo. Hakuna aliyeiunganisha mpaka daktari wa neva wa pili hapa, mama mmoja mtulivu, alipomuuliza hivi hukuwahi kuwa na kwikwi isiyokatika? Dada akanitazama mimi. Akatolewa damu, ikapimwa kingamwili, jibu likarudi wakati app yangu bado inasema "sampuli inasomwa". Asili wala hakuuliza tena. Na kujua ni ipi si jambo dogo, manake baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta na fingolimodi, zinaweza kuizidisha NMO. Tangu 2019 kuna dawa zake maalumu zilizoidhinishwa, na hapa Uingereza kuna huduma maalumu ya NMO Oxford na Liverpool, unapelekwa kwa rufaa, na sina ila sifa kwao.

Usiri wa data nigusie kidogo. 23andMe, ambayo wengi mnaiulizia, mwaka 2023 wezi wa mtandaoni walichota habari za watu milioni 6.9, Machi 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika mahakamani, na Juni mwaka huo mdhibiti wa data hapa Uingereza akaipiga faini ya pauni milioni 2.31. DNA si neno la siri ukasema utabadilisha, na yako ni nusu ya mama yako pia. Mimi nimeshusha faili langu ghafi, nikafuta akaunti na nikataka sampuli iteketezwe, kitufe kimefichwa mwisho wa mipangilio lakini kipo.

Huduma kwa wateja niliwaandikia kwa nini mnampa mtu wa asili yangu alama ya kijani, wakajibu kwa upole sana kwamba ripoti si utambuzi wa ugonjwa na nimuone daktari. Nikawaandikia tena nikauliza 15:03 mbona haimo. Mpaka leo.

Kwa asili nawapa nyota 3 kati ya 5. Ya afya nyota 1, na kama unataka kununua chukua cha asili peke yake, hela ya kifurushi cha afya baki nayo. Ukiwa na jicho linalouma ukiligeuza, miguu kufa ganzi kwenda juu, au kwikwi na kutapika kusikoisha, mtake daktari MRI na kipimo cha damu cha akwaporini-4, umtajie jina hivyo hivyo, na akikwambia hayo ni ya wazungu omba mwengine.