Laki moja na nusu kwa ukurasa mkubwa, bure kwa Mama Zawadi: uzoefu wangu wa kutangaza riwaya mtandaoni

Mwaka jana nilichapisha riwaya yangu ya kwanza kwa hela yangu mwenyewe. Nakala 300, shilingi 5,500 kila moja hadi inatoka kiwandani, jumla 1,650,000, hela niliyokuwa nimeitenga kununulia mashine ya pili ya fotokopi. Nina stesheneri Tabata, kwa hiyo maboksi yalikaa pale pale chini ya kaunta, na kila aliyekuja kupiga picha za pasipoti aliyaona akauliza ni ya nini. Nikimwambia ni kitabu changu ananipa mkono. "Hongera sana dada." Kisha analipia picha zake na kwenda zake.

Hongera ndiyo ugonjwa wetu sisi tunaojichapishia. Nilipoweka picha ya jalada Facebook nilihesabu hongera 117, "Mungu akuinue" arobaini na kitu, na mtu mmoja tu aliyeuliza bei. Huyo mmoja ni binamu yangu, na alikuwa anataka ya bure.

Ndipo nikamtafuta kijana anayeendesha ukurasa mkubwa wa Instagram, wafuasi zaidi ya milioni, habari za wasanii na udaku wa mjini. Jina silitaji. Bei yake laki moja na nusu: posti tatu ndani ya wiki, na stori moja ya saa 24 juu yake. Nikalipa yote mbele, maana "ndo utaratibu wetu dada".

Maandishi aliyoyaweka hayakuwa yale niliyomtumia. Ya kwangu yalianza na Mama Zawadi, mhusika wangu. Ya kwake yalianza na JIPATIE KITABU HIKI KIZURI CHENYE MAFUNZO, na vimoto sita mbele yake. Na namba ya simu ilikosewa tarakimu moja. Niligundua siku ya pili, baada ya kushinda na simu mkononi kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Nikaipiga ile namba. Akapokea mwanaume.

"Dada, na wewe unataka kitabu? Mimi fundi friji, nipo Mbagala."

Nikamwomba radhi. Akasema wala usijali, wawili kati ya waliopiga wamempa kazi.

Posti ya tatu ilitoka na namba sahihi. Hesabu ya mwisho: laiki elfu mbili na ushee, ujumbe sita, vitabu viwili. Nauza 15,000, kwa hiyo laki na nusu ilinirudishia elfu thelathini. Namba tungeipata mapema pengine ningeuza vitano, sita. Nisimwonee huyo kijana kupita kiasi: watu wake wanakuja pale kujua nani kamwacha nani, na jalada la kitabu linapita mbele ya macho yao kama tangazo la mkopo wa simu. Tena Instagram ukiweka kiungo kwenye maelezo ya posti hakibonyezeki. Mtu akariri namba, atoke, aihifadhi, aende WhatsApp. Nani ana muda huo saa tano usiku?

Kilichokuja kunifungua macho kilikuwa bure, na aibu ni kwamba nilikuwa nakijua tangu utoto. Mama yangu alikuwa ananunua gazeti kila wiki kwa ajili ya ukurasa wa hadithi tu. Habari nyingine zote alikuwa anafungia maandazi. Akifika penye "itaendelea wiki ijayo" anasonya, na wiki ijayo ananunua tena. Magazeti yalipopungua mikononi, mchezo ule ule ukahamia Facebook na magrupu ya WhatsApp: SIMULIZI, MTUNZI, SEHEMU YA 07, na chini yake watu wanalia arosto, ile kiu ya kutaka kujua kinachofuata. Mimi nilijiona mwandishi wa riwaya, si wa simulizi za mtandaoni, nikadharau. Dharau hiyo ilinigharimu miezi minne.

Alhamisi moja umeme umekatika, duka nimefunga, nikachapa kwa simu kipande cha sura ya kwanza, maneno kama 180, bila picha, bila jalada, bila kusema ninauza kitu. Kiliishia hivi:

"Siku ya arobaini, Mama Zawadi alifungua sanduku la bati la marehemu. Chini ya shuka la kijani alikuta vyeti viwili vya ndoa. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikitangulia kwa miaka minne, na jina la mke lilikuwa la mdogo wake, Rehema."

Nikalala. Asubuhi komenti zilikuwa 640 na waliosambaza walipita 900. Kilichoipeleka mbali, ninavyoona mimi, si uzuri wa maandishi, ni ubishi. Mmoja alisema Rehema hana kosa, ndiye aliyetangulia. Mwingine akasema mbona alihudhuria harusi ya dada yake na pilau akapika? (Hayo ya pilau hayamo kitabuni, kajitungia.) Akaingia mtu wa dini kueleza kwamba dada wawili hawaolewi na mume mmoja kwa wakati mmoja, akajibiwa na mwingine kwamba huenda ya kwanza ilikwisha kwa talaka, wakakaa hapo siku mbili nzima. Kila wakijibizana, posti inapanda tena juu kwa rafiki zao. Na chini kabisa, tena na tena: "Mwandishi Mungu anakuona, sehemu ya pili iko wapi?"

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa la mwaka. Posti haikuwa na namba, haikuwa na bei, haikuwa na jina la kitabu. Watu walikuwa na hela mkononi na mimi sina mlango. Nilikaa nikimjibu mmoja mmoja kwenye inboksi, "bei gani", "upo wapi", "mnatuma Mwanza", mpaka simu ikazima chaji, na umeme bado. Niliuza nakala 43 kwa siku nne. Waliokuja kuuliza walikuwa zaidi ya 200. Wengi nilipowafikia Jumamosi walikuwa wamepoa. Arosto ina saa zake, kama chai.

Mbaya zaidi, kurasa nyingine zilikuwa zimeshanakili kipande changu na kuweka majina yao. Mmoja aliandika na sehemu ya pili ya kwake, ambamo Mama Zawadi anakunywa sumu. Tangu siku hiyo namba yangu huwa naiweka katikati ya hadithi, kati ya aya na aya, siyo mwishoni. Mwizi wa mtandaoni ni mvivu, anakata mwisho tu.

Niseme kuhusu simu moja. Ilikuwa Jumapili, namba nisiyoijua, sauti ya mtu mzima.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika habari za yule Mama Zawadi?"

"Shikamoo mama. Ndiyo, ni mimi."

"Marahaba. Mjukuu wangu kanisomea kwenye simu yake, sijalala. Mimi nipo Songea. Hicho kitabu nitakipataje, na usinitapeli."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonifundisha biashara. Mtu wa Songea hana sababu ya kumwamini mtu wa Tabata aliyemwona kwenye simu ya mjukuu. Nilimwambia mama atume nusu, 7,500, na nusu atatuma kifurushi kikifika. Nikakipeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikapiga picha risiti ya basi, nikamtumia mjukuu. Siku ya tatu nusu yake ikaingia, na elfu mbili ya juu "ya vocha". Mjukuu akanitumia picha ya bibi amevaa miwani, kitabu kakishika kwa mikono miwili. Nikamwomba ruhusa, nikaiweka picha ya mikono tu na risiti ya basi. Posti hiyo ilipata laiki chache mno, 80 na kitu, lakini iliuza vitabu 17, karibu vyote vya mikoani. Laiki na mauzo kwa kweli hawajuani.

Baada ya hapo nilijipanga. Nilihamia WhatsApp Business, ambayo haina malipo, na ndiyo ninayoipa alama za juu kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu. Nimeweka majibu ya haraka: naandika alama ya mkwaju (/) na neno bei, maelezo yote yanajitokeza, bei, lipa namba, nauli ya bodaboda kwa Dar, nauli ya basi kwa mikoa. Kwa Dar mtu analipa akipokea. Kiungo cha wa.me kinamfikisha kwangu moja kwa moja bila kuhifadhi namba. Ila kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ujumbe wa matangazo kwa wengi, ile orodha ya watu 256, haumfikii ambaye hajakuhifadhi wewe kwenye simu yake. Kwa hiyo kila anayenunua namwomba anihifadhi, namwambia sura ya kwanza ya kitabu kijacho itaanzia huko. Wananihifadhi kweli, wengine kwa jina la "Mama Zawadi".

TikTok nilichelewa kuingia, nikidhani ni ya watoto wanaocheza. Nikaanza kwa kuwaiga: nimeshika kitabu, nacheza wimbo uliokuwa unatrendi. Watazamaji elfu thelathini, mauzo sifuri, na simu ya mama yangu akiuliza kama nipo sawa. Ya pili sikuonyesha uso. Mikono tu inafungua sanduku la bati la shangazi, bawaba inalia, shuka la kijani, na sauti yangu inasoma kile kipande. Sekunde 41. Ilitazamwa mara 212,000 na iliuza vitabu 38. Wafuasi wangu wakati huo hawakufika 300. TikTok wenyewe walieleza mwaka 2020 kwamba idadi ya wafuasi si kigezo cha moja kwa moja cha video kupendekezwa, na kwamba mtu kuitazama hadi mwisho ni dalili yenye uzito mkubwa. Kwa mtu wa hadithi hiyo ni habari njema, maana kazi yetu yote ni kumfanya mtu asitoke kabla ya mwisho. Mlio wa bawaba nauheshimu sana siku hizi. Nimekataa kuutia mafuta.

Tangazo la kulipia la Facebook nalo nimelijaribu: elfu tano kwa siku, siku sita, kitufe cha kufungua WhatsApp. Mazungumzo 31, wanunuzi tisa. Si mbaya, lakini kwa sababu nililipia kile kipande ambacho kilikuwa kimeshatembea chenyewe. Nilipolipia jalada nilipata hongera za kulipia. Wauza wafuasi sina la kusema juu yao, wapite.

Nakala laini sishauri. Niliuza PDF kwa elfu tano, kumi na mbili tu, na wiki ya pili nikakiona kitabu changu kwenye grupu la Telegram, na msimamizi ameandika "kwa maombi yenu". Nikafunga duka hilo. Aliye mbali anatafutiwa njia: dada mmoja aliyepo Muscat alilipia nakala tano, nikazipeleka bandarini kwa boti ya Zanzibar, ndugu zake wakazipokea kule.

Nakala 300 ziliisha mwezi wa saba. Nilipanga nisukume kwa nguvu tarehe 7, Sabasaba na Siku ya Kiswahili Duniani zikiwa siku moja, nikijua kila mtu atakuwa anaandika jambo kuhusu lugha yetu adhimu. Sikuandika chochote kuhusu lugha adhimu. Niliweka kipande cha sura ya nne, Rehema anapobisha hodi. Nimechapisha 500 nyingine, na mashine ya fotokopi bado ni ile ile moja, inakwama karatasi kila siku ya mvua.

Wiki hiyo hiyo yule kijana wa ukurasa mkubwa alinitafuta. "Dada, tuna ofa ya Sabasaba, posti nne kwa laki na nusu ile ile." Sikumjibu bei. Nilimtumia kipande cha Rehema. Akakaa kimya. Saa sita kasoro usiku simu ikatetemeka: "Dada, sasa alimfungulia mlango au hakumfungulia?"

Nikaandika mkwaju, b, e, i.