Moduli ya kielektroniki badala ya platini kwenye Land Rover Series III: ipewe sharti moja

Kifaa chenyewe ni kidogo na kinaingia chote ndani ya distributa, kile kinachogawa cheche kwa plagi: moduli nyeusi yenye kihisio cha sumaku, pete ya sumaku inayovaa kwenye kemu (sehemu ya shafti yenye pembe) chini ya rota, na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Platini, yaani vile viguso viwili vinavyofunga na kukata umeme wa koili ili cheche itoke, na kondensa vinatoka, kifuniko kinarudi, na anayefungua boneti haoni tofauti. Kwa Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, inafaa sana, ila umeme unaoilisha uwe umetengenezwa kwanza.

Pwani kama Tanga, platini zina maradhi mawili. La kwanza ni kisigino cha fiba kinachosuguana na kemu. Kinalika kidogo kidogo, lile pengo la milimita 0.35 hadi 0.40 linapungua, taiming (wakati cheche inapotoka) inachelewa, gari linakuwa zito na kuchemka huku fundi akihangaika na rejeta. La pili ni hewa ya chumvi. Gari likiegeshwa wiki mbili Raskazone, nyuso za platini zinafanya ngozi nyeusi. Asubuhi starta inazunguka vizuri na cheche hakuna, mpaka mtu apitishe msasa. Moduli haina kisigino wala nyuso za kugusana, kwa hiyo yote mawili yanaisha. Ila nguvu haiongezeki. Anayekuambia itaongezeka anataka kuuza. Utapata nguvu ile ile ya platini zilizofungwa sawasawa, isipokuwa hii haishuki kadiri siku zinavyokwenda.

Kabla ya kununua, soma ubavuni mwa distributa kama ni Lucas 25D au 45D, maana vifaa vyake haviingiliani. Angalia pia arthi, yaani upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. Series III ni hasi kwenye bodi, lakini Land Rover za zamani zaidi nyingine zilikuwa chanya, na moduli ikifungwa kinyume inakufa mara moja.

Kinachoua moduli nyingi ni koili, ile inayopandisha umeme wa betri kuwa cheche. Toa nyaya zake, weka mita kati ya chanya na hasi: kwa silinda nne tafuta ohmu 3 hivi. Volti 12 kwa ohmu 3 ni ampea 4, mzigo unaobebeka. Koili ya ohmu 1.5 iliyotengenezwa kufanya kazi na rezista, ukiifunga bila rezista yake, inavuta ampea 8, na moduli inaungua. Sababu nyingine ni kuacha swichi imewashwa na injini imezima, watu wakisikiliza redio. Koili inachemka, moduli nayo.

Sasa shusha macho ndani ya distributa. Kuna kiwaya kifupi, laini, kinachounganisha sahani inayocheza, ile inayobeba platini, na bodi ya distributa. Kila vakyumu (kidude kinachosogeza sahani hiyo kwa mvuto wa hewa ya injini) inapovuta, kiwaya hicho kinapindika, na baada ya miaka nyuzi zake zinakatika ndani huku kwa nje kinaonekana kizima. Kwa platini utapata misi ya hapa na pale. Moduli inapata arthi yake kupitia sahani hiyo hiyo, kwa hiyo gari litazima kila ukikanyaga mafuta na utailaumu moduli bure. Kibadilishe, hata kama kinaonekana kizuri.

Upande wa chanya, washa swichi ukiwa bado na platini, zikiwa zimefunga, upime volti kwenye koili. Ikiwa chini ya betri kwa zaidi ya nusu volti, fuata waya mweupe kutoka kwenye swichi. Viungio vya Lucas vyenye umbo la risasi ya bunduki huota kutu ya kijani. Dawa ya kudumu ni rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, na namba hizi ni za pini zake: 30 kutoka betri kupitia fyuzi, waya wa milimita za mraba 2.5, 86 ipate ule waya mweupe, 85 bodi, 87 iende chanya ya koili pamoja na waya mwekundu wa moduli. Mweusi unakwenda hasi ya koili. Alteneta nayo ipimwe: 13.8 hadi 14.4 ni salama, ikipita 15 rekebisha regyuleta kwanza.

Waya za plagi ziwe za kaboni, kwa sababu za shaba tupu zinaweza kuivuruga moduli. Rota isiwe ile ya bei rahisi yenye ribiti ndefu; cheche hupenya kwenye ribiti na kuishia kwenye shafti. Taiming lazima ipangwe upya kwa taa ya taiming, mpira wa vakyumu ukiwa umetolewa na kuzibwa.

Kasoro yake kubwa ni namna inavyokufa. Platini ikichoka inaaga: gari linamisi, linakohoa, linakupa muda wa kutafuta spea Ngamiani. Moduli haiagi, na kupanda milima ya Soni usiku si mahali pa kujua hilo. Kwa hiyo usisafiri bila platini za akiba. Weka platini na kondensa mpya kwenye kopo chini ya kiti pamoja na bisibisi fupi, geji ya 0.40, na kipande cha karatasi safi cha kupitisha kati ya platini, maana mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu na zikifungwa hivyo hivyo hazitoi cheche.