Perfect Dark ya Nintendo 64: gemu iliyoizidi nguvu mashine yake

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo tunaizungumzia Perfect Dark, ile ya mwaka 2000 ya Nintendo 64. Siyo Perfect Dark Zero iliyokuja na Xbox 360, hiyo ina siku yake.

Msimamo wangu nautoa mapema mjue naelekea wapi. Hii gemu ina kasoro nzito, na mtu akizitaja simbishii. Na bado, katika gemu zote za kupiga risasi za enzi ile, hakuna ninayoipenda kama hii. Tena kinachonifanya niipende ndicho hicho hicho kilichoiharibu: waliotengeneza hawakukubali kupunguza kitu.

Tazameni hapa. Hii ni misheni ya kwanza, usiku, juu ya paa la jengo la kampuni ya dataDyne. Tunacheza kama Joanna Dark, jasusi wa taasisi inayoitwa Carrington Institute. Mlinzi yule pale hajaniona. Simpigi kichwani, nampiga mkononi. Mmeona? Bunduki imemtoka na kudondoka sakafuni, na yeye ameinua mikono juu. Kuna wengine wakinyang'anywa hivyo wanachomoa bastola ya pili, kwa hiyo usimpe mgongo. Sasa angalieni taa ile ukutani, naipasua kwa risasi, na kona yote inaingia giza. Hiyo ni mwaka 2000, kwenye mashine ambayo prosesa yake haifiki hata megahezi 100.

Sasa ngoja waje wanne kwa pamoja. Narusha bomu... Hapo. Mnaiona picha inavyokatika? Video yangu haina tatizo, na wala intaneti yako haijagoma. Ndivyo gemu yenyewe inavyokwenda. Moshi ukitanda na maadui wakiwa wengi, fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kwa sekunde, zinaanguka mpaka unajikuta unalenga kwa kubahatisha, unamwona adui yuko kushoto, halafu ghafla yuko kulia, na katikati hapo hujaona kitu.

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wanasema. Rare, waliotengeneza gemu hii, mzigo huu waliibebesha N64.

Rare ni kampuni ya Twycross, Uingereza, ndiyo iliyotengeneza GoldenEye 007 mwaka 1997. Ile iliuza nakala zaidi ya milioni 8, na ndiyo iliyowaonyesha watu kwamba gemu ya kupiga risasi kwa jicho la mhusika inaweza kuchezwa kwenye konsoli, watu wanne mbele ya televisheni moja. Huku kwetu wengi hatukuipata. Sisi tulikulia kwenye PlayStation, kwenye vibanda vya kulipia kwa zamu, na N64 ilikuwa kitu cha nyumba chache. Kwa hiyo nikisema Perfect Dark ilikuwa inamfuata mfalme, mnielewe: wale jamaa walikuwa wanashindana na kazi ya mikono yao wenyewe.

Na timu ilivunjika katikati ya safari. Martin Hollis, aliyeiongoza GoldenEye, aliondoka mwaka 1998 kazi ikiwa haijaisha. Wakafuata wengine, akiwemo David Doak na Steve Ellis, wakaenda kuanzisha Free Radical, ambao ndio waliotuletea TimeSplitters. Ukiwa umewahi kuicheza TimeSplitters kwenye PS2 ukaipenda, basi damu hii unaifahamu. Waliobaki Rare waliimaliza Perfect Dark, na badala ya kupunguza mipango ili watoke salama, waliendelea kuongeza.

Mpaka ikafika mahali mashine haitoshi. N64 ilikuwa na megabaiti 4 za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Nintendo walikuwa wanauza kifaa kidogo kinachoitwa Expansion Pak, unakichomeka mbele ya konsoli, RAM inakuwa 8. Gemu nyingi zilikitumia kuboresha picha tu. Perfect Dark, bila hicho kifaa, inakufungulia takriban asilimia 35 ya gemu. Iliandikwa kwenye boksi lenyewe! Maana yake misheni za Joanna huzigusi kabisa, unabaki na mapambano ya watu wawili na mambo machache. Fikiria mtoto amenunuliwa gemu siku ya Krismasi, anafika nyumbani, anaambiwa theluthi mbili hazifunguki. Hili siwatetei. Ukiuza kitu kizima, kifunguke kizima.

Kasoro ya pili ni hii: kuokoa katikati ya misheni hakuna. Umekufa, au umeharibu jukumu moja dogo, unaanza mwanzo. Na gemu mara nyingine haikwambii vizuri jukumu lenyewe linatimizwaje. Unaona maandishi tu kwamba umeshindwa, unabaki unajiuliza nimefanya nini. Kwenye ngazi ya juu ya ugumu, hasa misheni za Area 51, hii inachosha sana.

Hadithi nayo. Nusu ya kwanza ni nzuri mno: kampuni kubwa ya teknolojia, mwanasayansi Dr. Caroll anayetaka kutoroka, unaenda kumwokoa, kumbe siyo mtu, ni akili ya kompyuta inayoelea ndani ya kimashine kama laptopu. Mambo yote hayo yanatokea mwaka 2023, ambao sisi tumeshaupita. Halafu wanaingia viumbe wa anga za mbali, anatokea mmoja anaitwa Elvis, mwenye sauti nyembamba na kizibao cha bendera ya Marekani, na ile hali ya wasiwasi iliyojengwa usiku ule juu ya paa inayeyuka. Elvis mwenyewe nampenda. Ila gemu haikuwa tayari kumpokea, na misheni ya mwisho kule kwenye magofu ya Skedar, wale viumbe maadui, ni kurushiana risasi tu, ule ujasusi umeisha.

Haya, tuje kwenye utamu.

Perfect Dark ina ngazi tatu za ugumu: Agent, Special Agent na Perfect Agent. Gemu nyingi ngazi ikipanda maana yake adui ana damu nyingi, basi. Hapa majukumu yenyewe yanaongezeka, na njia zinabadilika. Chukueni Carrington Villa, misheni iliyo kwenye jumba kubwa pembeni ya bahari. Ukicheza Agent, unaanza juu kabisa, umeshika bunduki ya kulenga mbali. Chini kwenye gati kuna mpatanishi amezungukwa na watekaji. Kazi yako ya kwanza ni kuwadungua kabla hawajamuua, na sekunde zinakwenda. Sasa ipandishe mpaka Perfect Agent. Angalieni tunapoanzia... Niko kwenye gati. Mpatanishi ni mimi. Wale niliokuwa nawadungua kutoka juu sasa wananitazama usoni, na ile bunduki ya mbali iko huko mbali. Ramani haijabadilika, ila naogopa upya kabisa. Mpaka leo sioni gemu nyingi zinazofanya hivi.

Silaha ndizo zinazotajwa sana, na ni haki yake. Karibu kila silaha ina kazi mbili. Hii hapa inaitwa Laptop Gun. Imekunjwa, ni laptopu. Ukiifungua ni bunduki ya rashasha. Ukibadilisha kazi, unairusha inabandika ukutani, au hata darini, na inalinda yenyewe, inampiga kila adui anayepita. Kuna bunduki inaitwa Dragon: unaiweka chini kama umeidondosha, mwenzako mwenye tamaa akiisogelea ili aiokote, inalipuka. Kuna RCP-120, hiyo inakuficha usionekane lakini inakula risasi zako muda wote uliojificha. Halafu kuna FarSight. FarSight inaona kupitia ukuta na inaua kupitia ukuta. Unajificha vyumba vitatu mbali, mtu anakuona kama yuko na wewe hapo. Kwa usawa wa mchezo ni silaha mbaya, na watu wakikaa pamoja kitu cha kwanza wanachokubaliana ni kuiondoa kwenye orodha. Na gemu inakuruhusu kuiondoa, kwa sababu kila kitu kwenye Combat Simulator kinapangika.

Combat Simulator ndiyo sehemu ya mapambano. Watu wanne kwenye skrini moja, na juu yake unaweza kuongeza wapinzani wanane wa kompyuta, wanaitwa simulanti. Kumi na wawili! Na hawafanani. VengeSim ukimuua atakutafuta wewe tu, awapite wengine wote. JudgeSim anamwandama anayeongoza kwa pointi. CowardSim akiona una silaha nzito kuliko yake anakimbia. Kuna FistSim, huyo anataka ngumi tu. Mwaka 2000 intaneti ya konsoli kwa watu wengi ilikuwa ndoto, kwa hiyo mtu aliyekuwa peke yake nyumbani alipewa kijiji kizima cha wapinzani wenye tabia. Ukiwaweka wote wanane na watu wanne, N64 inatambaa. Niliwaambia, kila uzuri humu una bili yake.

Lakini kitu ninachokiona kikubwa kuliko vyote, na ambacho hakisemwi vya kutosha, ni Counter-Operative. Mchezaji wa kwanza ni Joanna, anafanya misheni kama kawaida. Mchezaji wa pili ni walinzi. Ndiyo, wale walinzi wa kawaida. Anaingia ndani ya mlinzi mmoja, damu yake kidogo, risasi chache anakufa. Akifa, anahamia kwa mlinzi mwingine. Na akijikuta yuko mbali na Joanna, anacho kidonge cha kujiua, anakimeza ili ahamie kwa mwingine. Ukiwa Joanna, kila mlinzi anayesimama kwa namna isiyo ya kawaida unamshuku. Yule aliyetulia kwenye kona, ni kompyuta, au ni rafiki yako aliyekaa hapa pembeni na ameacha kuongea ghafla? Wazo hili limekaa tu pale. Perfect Dark Zero ya mwaka 2005 iliacha kuliendeleza, na mimi naona ni hasara kubwa kuliko ya picha au hadithi.

Muziki sitauchambua sana, wekeni earphone misheni ya Chicago na mtanielewa. Ni kazi ya Grant Kirkhope, Graeme Norgate na David Clynick. Sauti ya Joanna ni ya Eveline Novakovic, naye alikuwa mtunzi wa muziki hapo hapo Rare. Na kila misheni imefichwa kipande cha jibini mahali fulani. Hakina kazi yoyote. Mtu alikaa akavipanga.

Sasa, uicheze wapi? Mwaka 2010 studio ya 4J iliisafisha kwa ajili ya Xbox 360: fremu 60 kwa sekunde, picha ya 1080p, vijiti viwili, kimoja cha kutembea na kingine cha kulenga, kama gemu za sasa. Mwaka 2015 ikaingia kwenye mkusanyiko wa Rare Replay wa Xbox One. Na tangu 2024 ile ya asili ipo kwenye Switch kwa wanaolipia usajili mkubwa wa mtandaoni. Niliposhika ile ya 4J mara ya kwanza niliangalia jambo moja tu: je, ule uzito ukiondoka, gemu inabaki na nini? Inabaki na kila kitu. Majukumu, silaha, simulanti, vyote vinapumua. Nyuso zile mpya sizipendi, Joanna wa asili ana ukali zaidi, lakini ukiniuliza uanzie wapi, anzia hapo.

Perfect Dark mpya ya kuianza hadithi upya haipo. Microsoft, ambao waliinunua Rare mwaka 2002, walitangaza Perfect Dark mpya Desemba 2020, na Julai 2025 wakaifuta na studio iliyokuwa inaitengeneza, The Initiative, ikafungwa. Iliniuma, na nilikuwa nasubiri hasa kuona kama Counter-Operative itarudi.

Kwa hiyo mkiipata, anzeni Agent, mzoee majengo. Ukitumia ile ya Switch, panga vitufe kwanza, kwa sababu pedi ya N64 ilikuwa na kijiti kimoja tu na mpangilio wake wa mwanzo utakutesa. Ukishaijua dataDyne vizuri, mwite mtu mmoja, mfungulie Counter-Operative, mpe walinzi. Halafu njooni kwenye maoni mniambie misheni mliyochagua, nani alikuwa Joanna, na alifika wapi kabla hajaanguka.