Mafunzo ya uongozi kwa kutumia farasi: uzoefu wangu, na saisi aliyeambiwa anyamaze

Nilikuwa nimekusudia kuandika mazuri matupu kuhusu mafunzo haya, ambapo timu ya ofisi hujifunza kushirikiana kwa kufanya mazoezi na farasi. Asubuhi yake ilizidi semina zote za hotelini ambazo kampuni imewahi kutulipia, na nitaisifu hapa chini kwa sababu inastahili. Lakini yaliyotokea baada ya chakula cha mchana bado yananichoma, na yeyote anayetaka kupeleka timu yake kwenye kituo kile nje kidogo ya Nairobi anafaa kuyajua kabla ya kulipa. Ni juzijuzi tu.

Zoezi la mchana lilikuwa hivi: watu sita, farasi mmoja wa kahawia, na mti wa kama mita 3 uliolazwa juu ya vigingi, kimo cha sentimita 30. Farasi avuke. Zoezi hili likifanywa inavyopaswa halina kamba, hakuna kumgusa farasi wala kusemezana. Watu hujipanga wenyewe kuwa njia: wawili wanaziba kulia, wawili kushoto, mmoja anamfuata kwa mshazari ambapo jicho la farasi linamfikia, mmoja anaacha wazi upande wa mbele. Mmoja akisimama pasipo pake, farasi anapenya hapo hapo na wote wanaona pengo limetokea wapi. Faida yote ya zoezi iko hapo. Mwezeshaji wetu wa mchana alikuwa na haraka. Farasi alipokataa mara mbili, aliagiza atiwe hatamu, watu wanne washike kamba na wavute.

Farasi havutwi. Mnyama wa kilo 450 akisikia hatamu imembana kisogoni, mwili wake hujibu kwa kuvuta kinyume. Ananyanyua kichwa, anakita miguu ya mbele, na mkimzidishia anarudi nyuma kwa nguvu au anasimama kwa miguu ya nyuma. Na kichwa kikishapanda, mti haupo tena machoni pake. Macho ya farasi yako pembeni, anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake moja kwa moja na chini ya pua yake. Ili aupime mti ni lazima ainamishe shingo, na ili ainamishe shingo ni lazima kamba ilegee. Wale wanne walikuwa wanamnyima kitu kile kile alichohitaji ili avuke.

Anayejua kazi husimama kando ya bega, uso ukielekea anakotaka farasi aende, kwa sababu ukimgeukia na kumkodolea macho umemwambia asimame. Unakaza kamba kidogo sana, unangoja. Sekunde tatu, nne. Uzito wake ukianza tu kuegemea mbele, hata kabla hajanyanyua ukwato, unalegeza papo hapo. Kule kulegeza ndiko kunakomfundisha. Ukichelewa kulegeza, umemfundisha kwamba kutii hakuna nafuu. Na mwenzetu mmoja wa uhasibu alikuwa ameizungusha kamba kwenye kiganja! Farasi akishtuka, mzunguko ule hukaza na vidole huvunjika au mtu huburutwa. Kamba ya ziada hukunjwa mikunjo bapa na kushikwa katikati, basi. Mwezeshaji alikuwa hatua mbili tu kutoka pale na hakusema kitu. Aliyepaza sauti ni saisi, yaani mtunza farasi wa kituo: "Kaka, toa mkono! Usifunge kamba!"

Sasa huyo saisi ndiye sababu ya mimi kuandika. Ni mzee wa makamo, mpole, siku nzima alikuwa na farasi wale. Alipomwona yule wa kahawia akizungushwa kwa mara ya pili, alikaribia uzio akasema, kwa heshima kabisa, "Bosi, samahani. Huyu mguu wa mbele wa kushoto hauko sawa." Na alikuwa amesema kweli, nami nilikuwa nimeshaanza kuliona. Farasi mwenye maumivu mguu wa mbele hutingisha kichwa akitembea: kichwa hupanda ule mguu mbovu unapogusa ardhi, hushuka ule mzima unapokanyaga. Akisimama, huutanguliza mbele kidogo ili usibebe uzito. Yote mawili yalikuwa wazi.

Jibu alilopewa ni hili: "Mzee, sisi tuko kazini. Ngoja pale kwa banda."

Mbele ya watu sita. Mzee akarudi nyuma, akanyamaza. Kisha mwezeshaji akatugeukia, akatueleza kwamba farasi anakataa kwa sababu sisi kama timu hatuaminiani, kwamba farasi ni kioo chetu, na kila mmoja aseme nini anachokificha moyoni. Wenzangu wawili wakaanza kuombana radhi kwa mambo ya ofisini, huku mnyama amesimama na maumivu yake.

Zoezi lilipovunjika, mzee aliunyanyua ule mguu, akachukua kile chuma cha kuchokolea kwato, akaanza kisiginoni kuelekea ncha ya ukwato kama inavyotakiwa. Katikati ya ukwato kuna sehemu laini yenye umbo la V, na ubavuni mwake mna mfereji. Ndani ya mfereji mlikuwa na kokoto ya marram, kubwa kama punje ya harage, imejikaza. Ilitoka kwa kuchokolewa mara mbili. Njia ya kutoka bandani hadi uwanjani ni marram tupu, kwa hiyo kwato hukaguliwa mara mbili: bandani, na tena langoni mwa uwanja. Huo ukaguzi wa pili haukufanywa. Yule farasi alipotembezwa polepole, kichwa kilikuwa kimepunguza kutingika kwa kiasi kikubwa.

Sikatai kwamba farasi humsoma mtu. Berlin, mwanzoni mwa karne iliyopita, farasi aitwaye Hans alisifiwa kwamba anajua hesabu, hadi mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipoonyesha mwaka 1907 kwamba alikuwa akifuata miondoko midogo sana ya mwili na kichwa cha anayemuuliza, miondoko ambayo muulizaji mwenyewe hakujua anaifanya. Husoma pumzi, mabega, mkazo wa mkono. Hasomi ugomvi wenu wa bajeti. Na kabla ya kumfasiri anasema nini juu yenu, mnamwangalia kwanza yeye: kwato, mgongo, tumbo, joto, kiu.

Asubuhi tulikuwa na mwezeshaji mwingine, dada mmoja, na huyo ningemlipa mara mbili. Farasi mmoja, watu wawili, kila mmoja na kamba yake ya mita 3 upande wake, bila maneno. Kamba zilegee hadi kukaribia goti la farasi. Anayewahi kuamua hukaza kwanza, farasi anapinda shingo upande huo na kusimama, na mwenzake anabaki ameshika kamba bila la kufanya. Ndani ya dakika kumi tulijua nani kati yetu huamua peke yake. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Farasi alipoanza kupiga mkia na kulaza masikio, dada yule alimgeukia saisi kwanza: "Mzee, unaonaje?" Mzee akasema apumzishwe, akapumzishwa, akapewa maji. Farasi alipoanza kulamba midomo hakutudanganya kwamba "ametukubali". Alisema ni mwili unaotoka kwenye wasiwasi, na kabla ya hapo tulikuwa tumembana mno. Huyo anajua.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiende. Nikikumbuka asubuhi nasema nendeni, ila mkatae kuanza kabla hamjaambiwa ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha zoezi kwa ajili ya farasi. Awe saisi au mtaalamu mwingine wa farasi, na neno lake lisipingwe na mwezeshaji. Waulize pia mnamaliza saa ngapi. Sisi tulivutwa hadi jua linazama, saa ambayo usubi huanza kuuma, na usubi ndio wanaosambaza ugonjwa hatari wa farasi uitwao African horse sickness. Wakati huo farasi wanafaa kuwa ndani. Hapana, nikiandika haya hasira inarudi. Msiende mpaka yule mwezeshaji amwombe mzee radhi mbele ya watu, kama alivyomfukuza mbele ya watu.

Na uongozi wa kituo, mkiyasoma haya: mwangalieni tena yule wa kahawia, mbele kushoto. Pale kokoto ilipokaa panaweza kutunga usaha siku kadhaa baadaye. Shikeni ukwato muone kama una joto kuliko ule wa kulia, na mguse mshipa juu ya kwato kama unapiga kwa nguvu. Ukiwa hivyo, muiteni daktari wa mifugo, na asirudishwe uwanjani na kundi lolote hadi mzee aseme yuko sawa.